Nani Amesema? Siku Niliposahihisha Makala ya Aladini

Usiku mmoja wa likizo iliyopita, tulipokwisha kuswali Isha, binti yangu alinijia barazani na karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono. Yumo katika kikundi cha wanafunzi wanaoandika makala za kamusi elezo ya Kiswahili, ile ensaiklopidia inayosomwa bure katika intaneti, na kila mmoja wao alitakiwa kuchagua mhusika mmoja wa hekaya za ajabu amwandikie makala. Yeye alimchagua Aladini, mwenye taa. Alinipa kalamu nyekundu akasema, “Baba, nisahihishie kabla sijaipeleka. Usinionee haya.”

Nilidhani kazi yangu itakuwa nukta na mikato. Sentensi ya kwanza ilisema hivi: Aladini ni kijana wa Kiislamu wa mji wa Baghdad, aliyeishi zama za Khalifa Harun Rashid, na hekaya yake ilitungwa na Waarabu wa kale na kuandikwa katika kitabu cha Alfu Lela Ulela. Ilinipendeza, kwani ilikuwa fasaha na ilitupa heshima sisi Waislamu. Mwisho wa sentensi palikuwa na tarakimu ndogo, kwa kuwa kanuni ya kamusi elezo ni kwamba kila dai lioneshwe lilikotoka. Nikateremsha macho hadi chini ya ukurasa kutazama chanzo chake. Palikuwa pameandikwa: “1. Baba.”

Nilicheka, naye hakucheka. “Si wewe uliyetusimulia?” akaniuliza. “Tangu tungali wadogo, umeme ukikatika, tukikaa mkekani. Kama si kweli, mbona ulitwambia?”

Ndugu msomaji, swali hilo lilinikaa kifuani. Ni kweli nimewasimulia wanangu hekaya hiyo mara nyingi. Nilikuwa nikisema “Paukwa!” nao wakiitika “Pakawa!”, na hapo sote tulijua kwamba mlango wa kubuni umefunguliwa. Lakini nje ya mlango huo nilikuwa na mazoea ya kuongeza neno moja la ziada, tena kwa sauti ya mwalimu: “Hekaya hii, wanangu, ni ya kwetu. Waliitunga Waislamu wa Baghdad.” Neno hilo halikuwa ndani ya paukwa na pakawa. Lilikuwa habari, na habari huulizwa ilikotoka.

Nikamwambia, “Usiipeleke bado. Tutafute pamoja.” Tukapekua vitabu na kurasa za intaneti kwa muda wa wiki mbili, kila usiku baada ya chakula, na tuliyoyakuta ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Kitabu cha Alfu Lela Ulela kilifika Ulaya kwa mkono wa Mfaransa aitwaye Antoine Galland, msomi aliyejua Kiarabu. Alianza kukichapisha kwa Kifaransa mwaka 1704, na juzuu ya mwisho ilitoka mwaka 1717, miaka miwili baada ya kufa kwake. Galland alikuwa na mswada wa Kiarabu uliotoka Sham, wenye juzuu tatu. Mswada huo upo hadi leo, na hekaya ya Aladini haimo. Haimo pia katika chapa mashuhuri ya Kiarabu iliyotolewa Bulaq, nchini Misri, mwaka 1835. Katika chapa hiyo yumo mtu mwingine mwenye jina la namna hiyo, Alauddin Abu Shamati, lakini kisa chake ni kingine kabisa wala hana taa. Hakuna nuskha ya Kiarabu ya hekaya ya taa iliyothibitishwa kuwa ilikuwapo kabla ya Galland.

Basi Galland aliipata wapi? Jibu limo katika shajara yake mwenyewe. Mwaka 1709, mjini Paris, alikutana na kijana kutoka Halab, mji ambao Wazungu huuita Aleppo. Jina la kijana huyo lilikuwa Hanna Diyab, Mwarabu Mkristo wa madhehebu ya Maroni. Alipelekwa Ufaransa na msafiri mmoja aitwaye Paul Lucas, aliyemuahidi kazi katika maktaba ya mfalme. Mwezi Mei mwaka huo Hanna alimsimulia Galland hekaya ya Aladini, na baadaye akamsimulia pia ile ya Ali Baba na wezi arobaini. Galland akaziandika kwa Kifaransa chake na kuziingiza katika kitabu. Hakulitaja jina la Hanna popote katika kitabu hicho.

Kazi ya maktaba Hanna hakuipata. Alirudi kwao Halab akawa mfanyabiashara wa nguo sokoni. Uzeeni, zaidi ya miaka hamsini baada ya safari ile, aliandika kumbukumbu zake kwa Kiarabu. Mswada wake umehifadhiwa katika maktaba ya Vatikani, nao umekwisha kutafsiriwa na kuchapishwa katika miaka yetu hii. Humo anaeleza baridi kali ya Paris, anaeleza alivyopelekwa mbele ya mfalme Louis wa 14, na kwa maneno machache tu anamtaja mzee mmoja aliyekuwa akifasiri Alfu Lela Ulela, ambaye alipungukiwa na visa, naye akamsimulia alivyovijua. Mzee hakumtaja kijana kitabuni, na kijana alipokuja kuwa mzee hakujua kwamba kisa alichokitoa mdomoni mwake kimekwisha kuizunguka dunia.

Nitasema kweli: habari hii haikunifurahisha. Nilitamani Aladini awe wa Baghdad, wa Harun Rashid, wa msikiti na madrasa. Moyo wangu ukaanza kutafuta njia ya kutokea. Nikamwambia binti yangu, “Huenda upo mswada wa Kiarabu uliopotea.” Akanijibu kwamba wapo walionitangulia kwa tamaa hiyo, akanionesha alichokisoma.

Baada ya Galland, ilijitokeza miswada miwili ya Kiarabu yenye hekaya ya Aladini. Mmoja uliandikwa na padri wa Kisyria aliyeishi Paris, Denis Chavis. Wa pili uliandikwa huko huko Paris na Mikhail Sabbagh, naye alidai kwamba ameunakili kutoka mswada wa Baghdad wa mwaka 1703, yaani mwaka mmoja kabla ya Galland kuanza kuchapisha. Wasomi wakafurahi, wakaona asili imepatikana, na kwa miaka mingi wakubwa wao waliamini hivyo. Kisha akaja Muhsin Mahdi, mwanachuoni mzaliwa wa Karbala nchini Iraq, ambaye mwaka 1984 alichapisha maandiko ya Alfu Lela Ulela aliyoyahakiki kutoka katika mswada ule wa kale wa Sham. Alizipima nuskha zile mbili neno kwa neno, akabainisha kwamba ni Kifaransa cha Galland kilichorudishwa katika Kiarabu, na kwamba ule mswada wa Baghdad ulikuwa dai tupu.

Hapo nilinyamaza, maana kisa hiki nilikuwa nakijua kwa sura nyingine. Katika Kiswahili chetu neno “hadithi” hubeba mizigo miwili: ngano za bibi na maneno ya Mtume wetu (S.A.W.). Sikusudii kulinganisha kauli za Mtume na hekaya za taa, mbali sana. Lakini elimu waliyoiasisi maulamaa wetu kwa ajili ya kuzilinda kauli hizo ni elimu ya kuuliza swali moja: nani amesema? Nani kamsikia nani, wapi, na lini? Je, walikutana? Je, kumbukumbu yake ni nzima? Imamu Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, ameweka kauli za wema waliotangulia wakifundisha kwamba sanadi ni sehemu ya dini, na humo humo imo hadithi inayotuonya kwamba mtu hutosha kuwa muongo kwa kusimulia kila asikialo. Maulamaa walizikataa riwaya zenye maneno mazuri mno, yenye mawaidha ya kuliza watu, kwa sababu moja tu: mnyororo wake ulikatika, au ndani yake alikuwamo mtungaji.

Mimi nimefundishwa hayo madrasa, na nimewafundisha wanangu. Lakini nilipoletewa habari inayonipamba mimi na watu wangu, sikuuliza sanadi.

Nikampigia simu shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Nilimuamkia, tukajuliana hali, kisha nikamuuliza kama anakumbuka baba alivyokuwa akiisimulia hekaya ya Aladini. Akacheka. “Nakumbuka sana, mwanangu. Mtoto wa mshona nguo, huko Uchina.” Nikamuuliza, “Si Baghdad?” Akasema, “Baghdad ya wapi tena? Marehemu alikuwa akisema Uchina, na mchawi ametoka Maghribi.”

Ndugu msomaji, ndivyo ilivyo. Katika kitabu cha Galland, Aladini anakaa katika mji wa China, na baba yake ni mshona nguo aitwaye Mustafa. Mchawi anayemdanganya kwamba ni ami yake ametoka Afrika, upande wa Maghribi. Marehemu baba aliipokea hekaya kama ilivyo akaipitisha kama ilivyo. Baghdad niliitia mimi. Huenda niliichanganya na visa vingine ambavyo Harun Rashid yumo, huenda niliona inapendeza zaidi. Katika mnyororo wote ule, kutoka Halab hadi Paris hadi kwenye mkeka wa nyumbani kwangu, mpokezi dhaifu nilikuwa mimi.

Nilimwita binti yangu nikamwambia hivyo hivyo. Si jambo jepesi kwa mzazi. Tumezoea kudhani kwamba tukikiri kosa mbele ya watoto heshima itapungua. Yeye alinisikiliza, akachukua kalamu yangu nyekundu, akapiga mstari juu ya neno “Baba” chini ya ukurasa. Kisha akasema kwa upole, “Nilijua utasema kweli.” Sikujua nifurahi au nilie.

Baada ya hapo tukayapitia mengine. Alikuwa ameandika kwamba binti wa mfalme anaitwa Jasmine. Jina hilo limetoka katika filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1992, na mji wa Agrabah umetoka humo humo. Katika kitabu, binti huyo ni Badrul Buduri, yaani mwezi mpevu wa miezi mipevu. Alikuwa ameandika kwamba Aladini ndiye aliyeisugua taa kwanza. Kitabuni ni mama yake: nyumba haikuwa na chakula, wakaamua kuiuza taa, naye mama akaisugua ili ing’are ipate bei. Jini alipotokea, mama alizimia kwa hofu. Alikuwa ameandika pia kwamba jini hutimiza matakwa matatu. Kitabuni hakuna hesabu hiyo, tena majini ni wawili, mmoja wa pete na mmoja wa taa. Tukakubaliana kwamba kila jambo lipewe mwenyewe: la kitabu liandikwe la kitabu, la filamu liandikwe la filamu, na mwaka wake utajwe.

Tuligombana mahali pamoja tu. Alikuwa ameandika: “Jini ni kiumbe wa kubuni anayekaa ndani ya taa.” Nikaikata sentensi nzima. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu aya ndefu: kwamba majini ni viumbe wa kweli walioumbwa kwa moto, kwamba imo sura nzima katika Qur’an kwa jina lao, ambayo ni ya 72, kwamba haja huombwa kwa Allah (S.W.) peke yake, na kwamba anayeitegemea taa au pete ameingia katika shirki. Nikamrudishia karatasi nikiwa nimeridhika.

Akaisoma, akaiweka chini. “Baba, yote haya ni kweli. Lakini hapa si mimbarini. Anayekuja kusoma makala hii anataka kumjua Aladini.”

Nikamwambia, “Kwa hiyo tumuache aamini kwamba majini ni ngano?”

“Hapana. Hilo nimekosea mimi, nitalirekebisha. Lakini nikishasema kipi ni cha hekaya na kipi ni cha imani yetu, nimetimiza kazi yangu. Mawaidha utayatoa wewe, tutayasikiliza.”

Mama yake, aliyekuwa ndani akikunja nguo, akaitikia, “Mtoto kasema haki.” Nikashindwa wawili kwa mmoja. Mwisho tuliandika hivi: jini wa taa katika hekaya hii ni mhusika wa kubuni; majini kama viumbe wametajwa katika Qur’an, na kuwapo kwao ni sehemu ya imani ya Waislamu. Sentensi hiyo ni fupi, nayo haidanganyi upande wowote. Msomaji asiye Muislamu ataelewa tunachoamini, na mtoto wa Kiislamu hatadhani kwamba sura ya 72 inahusu katuni.

Nilipoiona imekaa vizuri, nilifahamu kosa la aya yangu nyekundu. Haikuwa na uongo ndani yake, ila niliiweka mahali pasipo pake. Kuliweka jambo mahali pasipo pake ni namna ya dhulma, hata kama jambo lenyewe ni jema.

Na kuhusu dhulma, lilibaki la Hanna. Nilimuuliza binti yangu kama ni lazima tumtaje katika sentensi ya kwanza; je, haitoshi kumtaja chini, katika historia? Nadhani bado nilikuwa nina kinyongo kidogo kwamba msimulizi si Muislamu. Akanikumbusha aya ya nane ya Suratul Maida, ile inayotuamrisha tusimame kwa uadilifu, na kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache kuwa waadilifu. Akasema, “Na huyu Baba hata hatumchukii. Ametusimulia hekaya nzuri tu.” Galland alimnyima jina katika kitabu kilichosomwa kwa karne tatu. Je, na sisi tumnyime katika makala yetu kwa sababu tulipenda asili iwe nyingine? Kuidai hekaya ya mtu kuwa ni yetu ni kuchukua mali isiyo yetu, ingawa hakuna hakimu wa dunia atakayetuita mahakamani.

Sentensi ya kwanza, baada ya wiki mbili, ikawa hivi: Aladini ni mhusika mkuu wa hekaya iliyosimuliwa na Hanna Diyab wa Halab kwa Antoine Galland mjini Paris mwaka 1709, ambayo Galland aliiingiza katika tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela. Haina Harun Rashid, haina Baghdad, wala haitupambi. Niliisoma mara tatu nikitafuta pa kuigusa kwa kalamu, nikapakosa.

Ndugu mzazi, watoto wetu wanasoma mengi kuliko tuliyosoma sisi, na siku hizi wanaandika yatakayosomwa na wengine. Allah (S.W.) ametufundisha katika Suratul Hujurat, aya ya sita, kuichunguza habari kabla ya kuichukua, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Tumezoea kuisoma aya hiyo tunapokemea uvumi wa mitaani na jumbe za simu. Mimi nilihitaji kuisoma kwa ajili ya habari nzuri, habari iliyonisifu. Habari ya namna hiyo ndiyo tunayoipokea bila kuhodi, kisha tunawarithisha watoto kama elimu. Hekaya ina ruhusa ya kubuni, kwa kuwa imeanza na paukwa na kila aliyepo ameitika pakawa. Maelezo juu ya hekaya hayana ruhusa hiyo. Mtoto akikuuliza nani amesema, usimuone mkosefu wa adabu. Amekuuliza swali la maulamaa.

Juma lililofuata umeme ulikatika tena. Tukakaa mkekani, na mdogo wao akataka ya Aladini. Nikasema “Paukwa!” wakaitika “Pakawa!” Nikaanza: hapo kale, katika mji mmoja wa Uchina, palikuwa na mshona nguo maskini. Yule mdogo akanikatiza papo hapo, “Baba, si Baghdad?”

Nikamwambia, “Baghdad niliitia mimi, mwanangu, nikakosea. Babu yako alisema Uchina.” Akafikiri kidogo, akasema, “Haya, endelea.” Nikaendelea.

Wallahu a’alam.